Kuchagua Ago Baina ya Msitu na Ziwa

Katika miaka ya karibuni umezuka hapa Kampala mtindo wa watu kutoka mjini na magari ya kulala. Gari huondolewa viti, hutiwa kitanda na jiko la gesi, madumu ya maji yakafungwa nyuma na hema likabebwa juu ya paa. Kisha wenyewe huingia njiani wakitafuta msitu wenye kivuli na ziwa lenye upepo. Zamani tuliwaona wageni wa ng'ambo tu wakisafiri hivyo. Siku hizi wenyeji nao wameanza: makarani, wauguzi, wafanyabiashara, na hata sisi walimu, ambao mshahara wetu haujapata kuwa na mabawa. Tumeona si vibaya tuwaeleze wasomaji jinsi tulivyochagua mahali pa kulala, kwa kuwa katika kuchagua huko tulijifunza jambo juu ya nchi hii, na jambo jingine juu ya lugha tunayoifundisha.

Tulikuwa watu saba: walimu wanne, watoto wawili wa mmoja wetu, na mwalimu wetu mstaafu. Watoto humwita Jajja kwa desturi ya Buganda, nasi tumezoea kumwita Mwalimu tu, kana kwamba sisi wengine si walimu. Bibi huyu alifundisha Kiswahili katika miaka ambayo somo hili lilikuwa na marafiki wachache nchini. Sasa magoti yake hayamtii, hutembea kwa mkongojo, na ana ugonjwa wa sukari unaomlazimu kuchomwa sindano kila siku na kuamka mara kadhaa usiku. Kwa muda wa miaka miwili alikuwa amekataa kila safari. Tulipomsihi sana alitoa sharti moja: "Nipelekeni mahali ambapo nikiamka usiku sitamwamsha mtu."

Sharti hilo ni fupi, lakini ndani yake mna mambo mengi: choo kilicho karibu, ardhi iliyo sawa, usalama gizani, na heshima ya mtu mzima asiyependa kushikwa mkono kama mtoto. Tulilifanya kuwa kipimo chetu. Mandhari ya ziwa tuliyaweka mwisho wa orodha, si kwa kuyadharau, bali kwa kuwa ziwa huonekana mchana, na safari ya namna hii huamuliwa usiku.

Kabla ya kutaja mahali tulitazama majira. Katika Uganda ya kusini mvua kubwa hunyesha kati ya Machi na Mei, kisha hurudi kati ya Septemba na Novemba. Likizo ya mwezi Mei, kwa hiyo, humkuta msafiri katika matope. Na gari lenye vitanda na maji ni zito, likizama halisukumwi na watu watatu. Tukaazimia kwenda mwezi Januari, kabla ya shule kufunguliwa, wakati barabara za udongo zimekauka.

Rafiki zetu walitusifia kwanza Ziwa Mburo, kiasi cha kilomita 230 magharibi ya Kampala. Huko mtu huweka hema ukingoni mwa maji, na asubuhi pundamilia hupita karibu. Ni kweli, na ni uzuri usio na kifani. Lakini kiboko, ambaye mchana hulala majini, usiku hutoka kula majani, na njia yake hupita popote apendapo, hata kati ya mahema. Kijana hulisimulia jambo hilo kwa furaha. Mtu mwenye mkongojo, anayehitaji kutoka nje mara tatu kabla ya jogoo kuwika, hawezi kulichukulia kuwa mchezo. Tukajifunza swali la kwanza ambalo kila mpiga kambi hana budi kuliuliza: usiku, mahali hapa ni pa nani?

Swali hilo lina jibu jingine pia. Mburo ilipotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1983, wafugaji waliokuwa wakiishi mle waliondolewa kwa nguvu. Baadaye mpaka ulipunguzwa na sehemu ya ardhi ikarudishwa kwa watu. Pale tunapoona nyika tupu iliyotandikwa kwa ajili ya mahema yetu, yuko mtu anayepakumbuka kuwa palikuwa zizi la ng'ombe wa baba yake. Hatusemi kwamba watu wasiende. Twasema tu kwamba aendaye ajue amelala wapi.

Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Fort Portal, alitetea maziwa madogo ya kwao. Hayo ni maziwa ya mviringo yaliyotuama katika vinywa vya volkano zilizozimika, yamezungukwa na miti, na mbega huruka matawini juu ya maji. Alipataja Nkuruba, ambako wanakijiji wenyewe wanaendesha mahali pa kupiga kambi. Jambo hilo lilitupendeza kuliko yote, maana fedha ya mgeni haiendi mbali. Lakini kinywa cha volkano kina mdomo na kina tumbo: kambi iko juu mdomoni, ziwa liko chini tumboni, na baina yao ni mteremko mkali. Mwalimu angeliona ziwa kutoka juu kama mtu atazamaye karamu dirishani. Tena safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 300.

Ziwa Bunyonyi tulilitoa mapema. Halina kiboko wala mamba, na hilo ni jema kwetu. Lakini mtu wa Kampala husafiri zaidi ya kilomita 400 kabla ya kulifikia, na maji yake yako karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya usiku huko si rafiki wa magoti ya wazee. Isitoshe, vilima vyake vingi vimelimwa matuta hadi juu, na watoto walikuwa wametuahidisha msitu.

Visiwa vya Ssese vilituweka mezani muda mrefu zaidi. Ni visiwa 84 katika Ziwa Viktoria, na gari huvushwa kwa kivuko kutoka Bukakata hadi Luku katika kisiwa kikubwa cha Bugala. Wengi wanaovisifia misitu yake hawajui kwamba sehemu ya kimya kile ilitokana na msiba. Mwanzoni mwa karne ya ishirini ugonjwa wa malale uliwaua watu wengi mno katika pwani za ziwa hili, na serikali ya kikoloni ikawahamisha wakazi wa visiwa. Miti ikaota palipokuwa na migomba. Katika karne yetu hii msitu huo nao umepunguzwa Bugala, na mahali pake pamepandwa michikichi, safu kwa safu, kwa ajili ya mafuta. Ramani ya zamani inaweza kukuonyesha msitu pale ambapo leo utakuta shamba. Tena mwaka 2020 maji ya Ziwa Viktoria yalipanda yakameza fukwe na majengo mengi ya pwani. Swali la pili likawa hili: maji haya yalifika wapi yalipofika mbali kabisa? Mwenyeji mkweli hukuonyesha alama juu ya ukuta. Yule asiye mkweli hukuonyesha mchanga.

Visiwa hivyo vilishindwa kwa sababu ya kivuko. Kikiharibika, au upepo ukivuma vibaya, mgonjwa wa sukari hawezi kungoja. Tulikuwa tumekubaliana kwamba tusilale mbali na hospitali kubwa kwa zaidi ya saa moja ya mwendo wa gari.

Kwa kipimo hicho cha umbali hakuna msitu uliotufaa kama Mabira, ulio kando ya barabara ya Jinja, kilomita hamsini na kitu kutoka mjini. Ukubwa wake ni kiasi cha kilomita za mraba 300, na haukusalia kwa bahati. Mwaka 2007 ulikuwapo mpango wa kuitoa karibu robo yake ipandwe miwa. Watu wakaandamana Kampala mwezi Aprili, fujo zikazuka, roho za watu zikapotea, na mwisho mpango ukasimama. Yeyote alalaye chini ya miti ya Mabira amelala katika nyumba iliyogombewa. Lakini Mabira haina ziwa, na malori ya barabara kuu hayalali. Tukaiweka akiba kwa safari nyingine.

Likabaki Ziwa Nabugabo, karibu na Masaka. Nabugabo ni ziwa dogo, halina kina kirefu, na limetengwa na Ziwa Viktoria kwa ukanda wa mchanga uliojijenga maelfu ya miaka iliyopita. Kwa kutengwa huko, samaki wake wadogo kadhaa wakageuka aina za peke yao, zisizopatikana pengine duniani. Na mwaka 2004 ziwa hili liliingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu zenye thamani. Kando yake mna misitu midogo, ardhi ni tambarare, na mji wa Masaka wenye hospitali ya rufaa hauko mbali. Kutoka Kampala hadi Masaka ni kiasi cha kilomita 130, unavuka ikweta penye soko la Kayabwe na kupita katika kinamasi cha Lwera. Njia hiyo nayo ina historia yake: mwezi Mei 2023 mto Katonga ulifurika ukaikata barabara, na magari yakalazimika kuzunguka mbali. Ndiyo maana twasema tena kwamba majira hutangulia mahali.

Hatukutaka kwenda sote bila kupaona. Wawili wetu walitumwa mbele kwa teksi na bodaboda, wakaikagua sehemu moja yenye miti mikubwa na nyasi fupi. Msimamizi wake alikuwa mzee wa makamo ya Mwalimu. Walimsalimu kwa Kiganda, kama ipasavyo, wakajieleza kuwa walimu wa Kiswahili kutoka Kampala wanaotafuta mahali pa kupiga kambi. Neno hilo la mwisho walilitamka kwa Kiswahili. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akajibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko walivyotazamia: "Kambi? Hapa hatutaki kambi tena."

Wasomaji wa makamo watafahamu. Katika masikio ya mtu wa Masaka, kambi ni mahali pa askari. Na katika sehemu nyingine za nchi hii, kambi ni mahali pa wakimbizi. Mwezi Februari 1979 mji wa Masaka ulitekwa na majeshi ya Tanzania katika vita vya kumwondoa Amin, na sehemu kubwa ya majengo yake ikabomolewa. Kabla ya hapo, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa Amin mwenyewe, ambaye mwaka 1973 alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Hata wanyang'anyi wa usiku walitumia lugha hiyohiyo. Mzee akawaambia wenzetu bila hasira: "Mimi lugha hii niliijua kwa amri. Simama. Fungua. Lete. Sijaisikia mara nyingi ikiomba."

Wenzetu walifanya jambo la busara: hawakuitetea lugha. Waliliacha neno kambi, wakasema wanaomba mahali pa kulala siku mbili wakiwa wageni. Mgeni kwa Kiganda ni omugenyi, na hakuna aliye na masikio asiyesikia kwamba maneno hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja. Mzee akacheka, akawapa viti. Kutoka hapo maswali yakawa mepesi kuulizwa, na majibu yakawa ya kweli.

Walimwuliza juu ya choo. Akawaonyesha kimoja kilicho hatua chache kutoka mahali pa gari, na njia yake haina ngazi wala mzizi uliochomoza. Walimwuliza nani hupita usiku; akawatajia wavuvi wawili, kwa saa zao, na mbwa wake mmoja. Walimwuliza maji ya kunywa hutoka wapi. Akawapeleka kwenye kisima cha pampu, si ziwani. Walipouliza juu ya kichocho, alisema yeye hajakiona, lakini akaongeza kwa uungwana: "Mimi nauza mahali. Waulizeni pia wa kituo cha afya." Tangu siku hiyo tumelifanya neno lake kuwa kanuni. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono waishio penye majani ya ukingoni na hupenya ngozi ya anayeoga au kuteka maji. Kwa hiyo jibu la anayeuza mchanga peke yake halitoshi, hata akiwa mwaminifu kama huyu.

Safari ikafanyika. Hatutaisimulia yote, kwa kuwa safari njema hufanana. Tutataja machache yanayofaa kwa wanaojiandaa. Dawa ya Mwalimu, ambayo haitakiwi kupata joto, tuliiweka katika chungu kidogo kilichotiwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga mbichi, juu kitambaa chenye maji, kivulini penye upepo. Maji yanapokauka huondoka na joto, na dawa ikabaki baridi bila umeme. Gari tulilielekeza mlango wake upande wa choo, ingawa kwa kufanya hivyo dirisha lilitazama miti na si ziwa. Chakula tulikifungia ndani, kwa maana tumbili wa Nabugabo, ambao wanazuoni wamekuwa wakiwachunguza kwa miaka mingi, nao wametuchunguza sisi wanadamu vya kutosha. Samaki tulinunua kwa wavuvi, na matoke kwa jirani wa mzee, kwa bei waliyotaja wao.

Usiku wa kwanza tulisikia mkongojo ukigonga chini polepole, ukaenda, ukarudi. Hakuna aliyeinuka. Tulikuwa macho sote, lakini tulinyamaza, kwa kuwa sharti lilikuwa hilo. Asubuhi Mwalimu alikuwa ameketi karibu na maji pamoja na msimamizi, wakizungumza kwa Kiswahili mambo ya mwaka 1979. Yeye mwaka huo alikuwa msichana wa shule, na yeye pia alikuwa na maneno ya amri aliyoyakumbuka. Watoto walikaa karibu nao wakisikiliza. Somo hilo sisi hatukuwahi kulifundisha darasani. Tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba Kiswahili ni lugha ya umoja, tukaacha kuwaambia ni kwa nini babu zao hukunja uso wanapokisikia.

Na hapa ndipo tunapotaka kufika. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hayo ni mambo makubwa na tumeyapokea kwa shukrani. Lakini amri haiwezi kukifuta kilicholetwa na amri. Lugha hii itapata makao katika vijiji vya Uganda siku itakapozoea kufika kama mgeni: ikisalimu kwanza kwa lugha ya mwenye mji, ikiomba, ikilipa, na ikiondoka bila kuacha uchafu. Msafiri apitaye na gari lake la kulala anaweza kulifanya hilo kwa siku mbili kuliko hotuba ya saa mbili.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kwa waalimu wenzetu neno la kale, ago, yaani kituo cha msafiri, badala ya kambi, kila tunapozungumzia mahali pa kulala kati ya msitu na ziwa. Halina askari ndani yake. Wahenga walimkataza msafiri kulichafua ago alilolala, kwa maana huenda njia ikamrudisha palepale. Nasi tunawaachia wasomaji maswali yetu, kwa mpangilio tulioufuata: Ni nani aliye dhaifu kuliko wote katika msafara, naye anataka nini? Majira gani? Usiku mahali hapa ni pa nani? Maji yalifika wapi, na ya kunywa yatoka wapi? Hospitali iko umbali gani? Fedha yetu itamfikia nani? Mkishajibiwa hayo, ndipo muulize kama ziwa linapendeza.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo twaifundisha kila mwaka. Ni juu yetu kuhakikisha kwamba mwenyeji kweli anapona tunapokuja.